YZ250F ya mbio imepoteza nguvu taratibu, plagi na klachi mpya lakini wapi. Naomba ushauri, nipo Mwanza

Kokoto_Mza

Wakuu, heshima kwenu. Nina jambo linaninyima usingizi na mbio ziko karibu.

Ninahudumia pikipiki ya motokrosi ya mdogo wangu wa kike. Ni Yamaha YZ250F ya 2008, ya kabureta, kuwasha ni kiki ya mguu tu. Tuliinunua Dar ikiwa imeshatumika, ikaletwa Mwanza kwa lori. Ilipofika ilikuwa moto wa kuotea mbali. Mazoezi tunafanyia shambani kwa jamaa yetu nje kidogo ya Kisesa, kuna mlima wa changarawe pale ambao alikuwa anaupanda na gia ya tatu bila kusita.

Sasa nguvu zinapungua. Haikukatika siku moja, imefifia polepole mpaka tumekuja kushtuka tayari amepitwa na pikipiki alizokuwa anaziacha. Dalili nilizoziona ni hizi. Ikiwa baridi inawaka vizuri tu. Ikishapata moto, akianguka ikazima, hapo anapiga kiki mpaka jasho linamtoka. Sailensa (mwendo wa injini ikiwa imesimama bila kufungua mafuta) haitulii, mara juu mara chini. Akitoka kwenye kona akafungua mafuta ghafla, inasita, na pengine inapiga chafya kwenye kabureta. Haitoi moshi wa bluu. Haigongi. Tena imekuwa kimya kuliko ilivyokuja.

Fundi wa huku mtaani ameshaweka plagi mpya, CR8E ileile, na pleti mpya za klachi. Hakuna kilichobadilika. Sasa anasema tununue CDI (kisanduku cha umeme kinachowasha plagi). Mwingine anasema pistoni. Na kuna mtu pale uwanjani kasema labda pikipiki haina shida, binti ndiye ameanza kuogopa. Hilo limeniuma, maana namjua anavyojituma.

Fedha iliyobaki inatosha kosa moja tu. Naombeni mawazo ya watu wenye uzoefu.

BodaPasiansi

Pole mkuu. Hiyo ni CDI. Yangu ilikuwa inasumbua hivyohivyo ikipata moto, nikaweka CDI ikapona. Usizunguke sana.

Fundi Hedi

Kokoto, usinunue kitu chochote kwa sasa. Nasema hivyo nikiwa naelewa haraka uliyonayo.

Umetoa maelezo mazuri kuliko wengi wanaokuja hapa, na ndani yake kuna jambo moja lina uzito kuliko mengine yote: nguvu imepungua polepole. Umeme huwa haufi hivyo. CDI au koili ikifa, mara nyingi huanza kukatakata, inakata na kurudi, halafu siku moja inagoma kabisa. Kitu kinachofifia kwa wiki nyingi kwa kawaida ni kitu kinacholika, au kitu kinachoziba. Kwa hiyo CDI iweke mwisho wa foleni.

Kabla ya kufungua injini, tenganisha kwanza maswali mawili ambayo watu huyachanganya. Je, injini yenyewe haizalishi nguvu? Au inazalisha, ila inaliwa njiani kabla haijafika kwenye udongo? Inua gurudumu la nyuma, weka nyutro, zungusha kwa mkono. Likigoma kuzunguka kwa uhuru, angalia breki inayoshika, cheni iliyokazwa kupita kiasi, beringi ya gurudumu. Pleti za klachi ni mpya, sawa, lakini kebo ikikazwa bila kuacha nafasi kwenye mkono, klachi mpya nayo itateleza.

Mafuta nayo. Chukua petroli kutoka kwenye tanki lako, weka kwenye chupa ya kioo, acha itulie usiku mzima. Maji yatakaa chini na utayaona kwa macho. Na uangalie mpira wa kupumulia kwenye kifuniko cha tanki, ukiziba injini inakosa mafuta kadiri anavyoendelea kukimbia.

Halafu nieleze: umejuaje kwamba nguvu imepungua? Kwa hisia zake, au kuna kipimo?

Kokoto_Mza

Fundi, ahsante sana. Nimefanya yote tangu jana. Gurudumu linazunguka laini, breki haishiki. Kebo ya klachi ina nafasi yake. Petroli kwenye chupa ni safi, hakuna tone la maji. Mpira wa tanki unapitisha hewa, nimepuliza.

Kipimo hatuna. Ni hisia zake, na macho yetu tuliokuwa pembeni. Pikipiki hii haina hata spidomita. Ila nina video nilizomrekodi tangu ilipofika, akipanda ule mlima. Sijui kama zinaweza kusaidia.

Sauti Moja

Zinasaidia kuliko unavyofikiri. Mimi kazi yangu ni studio, sio gereji, ila nafuatilia hizi mashine. Nipe nafasi nieleze.

Injini ya silinda moja ya foostroku huwasha mara moja kila mizunguko miwili ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni). Kila kuwaka ni mpigo mmoja wa sauti. Kwa hiyo ukijua mipigo kwa sekunde, unajua mizunguko: mipigo 100 kwa sekunde ni mizunguko 200 kwa sekunde, yaani 12,000 kwa dakika. Zidisha kwa 120, basi. Kuna programu za bure za simu zinazochora sauti na kukuonyesha mstari wa mpigo mkuu kwa hezi, yaani mipigo kwa sekunde.

Tafuta video mbili, ya zamani na ya sasa, mlima uleule, gia ileile, mpandaji yuleyule, umesimama sehemu ileile. Soma hezi pale anapofika juu, na uhesabu muda wa kupanda kuanzia alama moja hadi nyingine. Angalizo: pikipiki ikikujia sauti hupanda, ikikuacha hushuka, kwa hiyo soma pale anapokuwa ubavuni mwako.

Kama klachi inateleza, utasikia mizunguko inaruka juu huku pikipiki haiendi. Kama injini ndiyo imechoka, mizunguko na mwendo vitashuka pamoja.

Kokoto_Mza

Sauti Moja, Mungu akubariki. Nimekaa na hizo video usiku kucha.

Zamani, akipita kwenye jiwe kubwa lililo juu ya mlima, programu inasoma hezi 95. Hiyo ni 11,400. Video ya juzi, jiwe lilelile, gia ya tatu ileile, inasoma 83, yaani chini kidogo ya 10,000. Muda wa kupanda ulikuwa kama sekunde 8, sasa umepita 9. Na mizunguko hairuki, inapanda kivivu mwanzo hadi mwisho.

Nimemwonyesha mdogo wangu. Hakusema neno, ila nimeona mabega yake yameshuka. Naomba yule aliyesema ameogopa naye aione.

Fundi Hedi

Sasa tuna kipimo. Hezi 95 hadi 83 ni upungufu ambao hakuna mtu wa kubishana nao. Klachi imetoka kwenye mashtaka. Tatizo ni injini.

Meru4566

Habari wakuu, naandika kutoka Arusha. Mmesahau jambo moja. Pikipiki ilitoka Dar, usawa wa bahari. Mwanza hapo ziwani ni kama mita 1,135 juu ya bahari, na hewa hapo ni nyepesi, mgandamizo wake ni kama asilimia 88 tu ya ule wa pwani. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukuma hewa ya ziada) hupoteza takribani sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa mwinuko huo, hilo halina dawa. Ila kuna hasara ya pili ambayo ina dawa: kabureta haijui kwamba umepanda mlima. Inaendelea kumwaga petroli ya Dar kwenye hewa ya Mwanza. Mchanganyiko unakuwa mzito, plagi inashika masizi, na juu kabisa injini inakuwa kama imefungwa kamba.

Huku Arusha tuko juu zaidi, karibu mita 1,400, na kila pikipiki ya kabureta inayotoka pwani tunaibadilishia jeti (vijitundu vya kupimia petroli ndani ya kabureta). Punguza jeti kuu kwa namba moja au mbili, na pandisha klipu ya sindano kwa mfereji mmoja ili sindano ishuke. Jeti kuu inatawala kuanzia robo tatu ya kufungua mafuta hadi mwisho, sindano inatawala katikati, jeti ndogo chini kabisa. Plagi iliyotolewa ilikuwa na rangi gani?

Kokoto_Mza

Nyeusi, kavu, masizi matupu. Nilifikiri ni uzee wake.

Fundi Hedi

Meru anasema kweli, na jeti lazima zibadilishwe. Lakini Kokoto, usizibadilishe bado. Mwanza ilikuwa mita zilezile pikipiki ilipofika na kupanda mlima kwa hezi 95. Hewa haikubadilika tangu siku hiyo. Mwinuko unaeleza kwa nini haikuwa kama ilivyokuwa Dar, hauelezi kwa nini haiko kama ilivyokuwa Kisesa mwanzoni. Ukigusa kabureta leo, ikapona kidogo, utafunga kava ukiwa na furaha na ugonjwa wenyewe ukiwa bado ndani.

Mimi nashuku valvu za inteki (za kuingiza hewa). Ngoja nieleze, maana hapa ndipo mafundi wengi wa pikipiki za kawaida hupotea.

Kwenye pikipiki za kawaida za rokaamu (mkono unaosukuma valvu), tapeti ikilegea unasikia tk-tk-tk, unakaza, maisha yanaendelea. YZ250F hii ina valvu tano, tatu za inteki na mbili za eksozi (za kutoa moshi), na kamshafti (shafti inayofungua valvu) inakandamiza kikombe moja kwa moja. Chini ya kikombe kuna kidonge kidogo cha chuma, shimu, na unene wake ndio unaopanga nafasi kati ya kamshafti na kikombe. Valvu zenyewe ni za titaniamu, nyepesi sana, ili injini iweze kuzunguka zaidi ya 13,000. Uso wa titaniamu umefunikwa na tabaka gumu, jembamba mno. Vumbi likipita kwenye chujio linasugua lile tabaka. Likishaisha, valvu inaanza kuzama kwenye kiti chake. Ikizama, ncha yake ya juu inapanda kuelekea kwenye kamshafti. Nafasi inapungua badala ya kuongezeka. Kwa hiyo injini inazidi kuwa kimya. Wewe mwenyewe umeandika kwamba imekuwa kimya kuliko ilivyokuja. Mstari huo ndio ulionisimamisha.

Nafasi ikiisha, injini ikipata moto valvu haifungi vizuri. Mgandamizo unavuja kurudi kwenye kabureta. Ndiyo hiyo chafya. Ndiyo hiyo kiki ya jasho. Ndiyo hiyo sailensa isiyotulia.

Kupima: injini iwe baridi kabisa, pistoni juu kwenye mgandamizo, pitisha fila (vipande vyembamba vya chuma vya kupimia) kwenye nafasi hiyo. Inteki inatakiwa milimita 0.10 hadi 0.15. Eksozi 0.17 hadi 0.22. Niletee namba.

BodaPasiansi

Si apime tu kompresheni kwa geji mkuu? Dakika tano.

JaKisumo

Hamjambo majirani, niko Kisumu, ng'ambo ya maji, hewa yetu na yenu ni moja. Boda, kwa hii pikipiki geji ya kompresheni itakudanganya. Kwenye kamshafti kuna kijichuma kinachofungua valvu ya eksozi kidogo ukipiga kiki, ili mguu usivunjike. Kinajifunga injini ikiwaka. Sasa ukipima kwa kiki, hewa inatorokea hapo, unasoma namba ndogo hata kama injini ni nzima. Nimeona watu wakinunua pistoni kwa sababu ya hiyo namba.

Kitu ya maana ni kupima uvujaji. Unaingiza hewa ya kompresa kwa tundu la plagi, unaangalia ni ngapi inabaki. Makanika wetu hapa walitengeneza wenyewe: geji mbili, regyuleta, na katikati kijitundu cha milimita moja. Plagi ya zamani wanaitoa kaure, wanachomelea nipo (kiungio) ya mpira wa hewa. Nyuzi za CR8E ni milimita 10, kwa hivyo tumia plagi ya saizi hiyo hiyo.

Pistoni juu kabisa, valvu zote zimefungwa. Weka gia ya mwisho na mtu akanyage breki ya nyuma kwa nguvu, maana hewa itataka kusukuma pistoni chini na kiki inaweza kukupiga. Ingiza hewa mpaka geji ya kwanza isome 100 (psi). Geji ya pili ikisoma 90 na zaidi, mashine iko sawa. Ikianguka chini ya 80 kuna shida. Halafu sikiliza kwa sikio. Mlio ukitoka kwa kabureta, ni valvu ya inteki. Kwa eksozi, ni valvu ya eksozi. Kwa mpira wa kupumulia wa krenki, ni ringi. Ukiona mapovu kwa rejeta, ni gasketi ya hedi (kichwa cha injini). Injini ikuambie yenyewe.

Kokoto_Mza

JaKisumo, shukrani sana ndugu. Nimetumia wikiendi nzima kwa kazi hii. Kuna mchomeleaji hapa Nyakato amenitengenezea kile kifaa vizuri kabisa, na gereji ya jirani wamenikubalia kompresa.

Hewa imeingizwa 100. Geji ya pili imesimama 68. Nilipotoa mpira wa kabureta na kuweka sikio, ilikuwa wazi kama mtu anapuliza mluzi. Eksozi kimya. Kwenye mpira wa krenki kuna upepo mdogo tu. Rejeta haina povu.

Asubuhi yake, injini ikiwa imelala baridi, nikafungua kava ya juu. Eksozi zote mbili 0.20. Inteki ya katikati 0.08. Ya kushoto 0.05. Ya kulia hata fila yangu nyembamba kuliko zote, 0.04, haikuingia.

Fundi, ulijua kabla hata sijafungua.

Fundi Hedi

Umefanya kazi ya kupigiwa mfano. Geji inasema 68, sikio linasema inteki, fila zinasema ni ya kulia zaidi ya wenzake. Mashahidi watatu wanaokubaliana. Pistoni na ringi ziacheni, hazina kesi.

BodaPasiansi

Hapo nimenyoosha mikono kuhusu CDI. Basi si wazisage hizo valvu kwa pesti zikae, wabadilishe shimu, ikimbie? Sisi ndivyo tunavyofanya huku, inadumu.

Fundi Hedi

Hapana, hapana. Hili naomba mlisome polepole, kwa sababu ndipo hedi nyingi zinapofia.

Pesti ya kusagia ni kwa valvu za chuma. Titaniamu ukiisaga, unaondoa lile tabaka gumu hata pale lilipokuwa limebaki. Itaziba vizuri siku hiyo, geji itasoma 95, utafurahi. Baada ya saa chache za mbio imezama tena, na safari hii inazama kwa kasi. Kubadilisha shimu kwa valvu iliyoanza kuzama ni hivyohivyo. Shimu inarudisha nafasi, hairudishi uso. Mtu akiwa mbioni na valvu ya namna hiyo ikakatika kichwa kwenye mizunguko 12,000, inaondoka na pistoni, silinda na hedi, na gurudumu la nyuma linaweza kufunga huku binti akiwa hewani. Sitaki hata kufikiria.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kununua valvu tatu mpya za titaniamu pamoja na sili zake, na viti vikatwe upya na mtu mwenye mashine na vikata vya pembe sahihi. Valvu mpya kwenye kiti kilicholika haitadumu. Njia ya pili ni valvu za chuma cha pua. Hizo zinavumilia vumbi zaidi, kwa mazoezi ya huku nazipenda, lakini ni nzito, kwa hiyo lazima zije na springi zake ngumu. Mtu akikuuzia valvu za chuma akasema springi za zamani zinatosha, ondoka dukani.

Mama Spea

Naongezea hapo kwenye ununuzi, maana mimi nauza spea hapa Mwanza miaka mingi. Mwanangu Kokoto, usinunue kwa kutaja jina la pikipiki. Nenda na namba ya spea kutoka kwenye kitabu cha mashine yako na mwaka wake, 2008. Valvu za katikati na za pembeni kwenye inteki hizi hazifanani, watu wanachanganya. Ukiletewa kutoka Dar kwa basi, pima kipenyo cha shina na urefu kabla ya kulipa salio. Na shimu beba zile za zamani kwenye kikaratasi, kila moja iandikwe ilipotoka na unene wake. Hata kama huzihitaji sasa, zitakupunguzia hesabu.

Na mpe salamu mdogo wako. Watoto wa kike wanaoendesha hizi mashine ni wachache, tunawaombea.

Kokoto_Mza

Ahsante mama, salamu zimefika, amefurahi mno.

Tumeamua chuma cha pua na springi zake. Ila nina swali kabla ya kufunga. Chujio ninalisafisha na kulipaka mafuta kila baada ya mazoezi, na sponji haijachanika. Vumbi lilipita wapi?

Fundi Hedi

Hilo ndilo swali ambalo usipolijibu utanunua valvu nyingine mwezi ujao. Na kwa Mwanza lina uzito wa peke yake. Udongo wetu umetokana na miamba ya graniti, ile ile inayotufanya tuitwe Jiji la Miamba. Ndani ya graniti kuna kwatzi, na kwatzi inakwaruza chuma cha kawaida bila shida. Vumbi la Kisesa na lile la udongo laini wa mbugani si ndugu.

Toa chujio, chukua tochi, angalia ndani ya mpira mkubwa unaotoka kwenye boksi la chujio kwenda kwenye kabureta. Ufute kwa kitambaa cheupe. Kisha angalia maungio matatu: sponji inapokaa kwenye fremu yake, mpira unapounganika na boksi, na klampu ya kwenye kabureta. Ule muunganiko wa mpira na boksi hubandikwa na gundi, na kwenye pikipiki ya umri huu gundi inaachia bila mtu kuona, hasa ikiwa mwenye nayo wa zamani alikuwa anaosha kwa petroli au kwa maji ya presha.

Kokoto_Mza

Ni huko huko! Kitambaa kimetoka na rangi ya udongo. Nimeweka taa ndani ya boksi gizani, mwanga ukapenya kwenye muunganiko wa chini, mpasuko unaotosha kupitisha ukucha. Kwa nje ulikuwa umefunikwa na tope kavu. Hauonekani kabisa mpaka boksi litoke.

Nimekwangua gundi ya zamani, nimesafisha kwa spiriti, nimebandika upya kwa silikoni ngumu, na nikapaka grisi nyembamba kwenye mdomo wa chujio. Fundi aliyeniuzia wazo la grisi ni kijana wa hapa jirani: vumbi likipita, grisi inalishika na unaliona.

Meru4566

Kazi safi. Mkifunga, msisahau alama za sproketi za kamshafti kulingana na uso wa hedi, na cheni ya taimingi iwe imekazwa upande sahihi kabla ya kuachia tenshina (kikaza cheni). Jino moja likiruka mtarudi hapa mkilia nguvu imepotea tena, na valvu zinaweza kugonga pistoni. Zungusha krenki kwa spana mizunguko miwili kamili kwa mkono kabla ya kupiga kiki.

Kokoto_Mza

Wakuu, nimerudi na majibu. Samahani kwa ukimya, viti vilichukua muda, hedi ilibidi isafiri.

Fundi Hedi alinisihi nibadilishe kitu kimoja kwa wakati, na nimefuata. Kwanza valvu na springi, kabureta sikuigusa hata skrubu. Geji ya uvujaji sasa inasimama 94. Inteki zote tatu zimepangwa 0.13. Ikipata moto na kuzimwa, inawaka kiki ya kwanza. Tukaenda mlimani, gia ya tatu, jiwe lilelile: hezi 95. Imerudi palepale ilipokuwa siku za mwanzo, kana kwamba mtu ameirudisha kwa mkono.

Ndipo nikaingia kwenye jeti, kama Meru alivyoeleza. Jeti kuu namba mbili chini, klipu mfereji mmoja juu. Hezi 98. Hiyo ni karibu 11,800, na muda wa kupanda umeshuka chini ya sekunde 8. Plagi imetoka na rangi ya hudhurungi. Hajawahi kuupanda ule mlima hivyo tangu tuinunue. Alipofika juu alizima injini, akakaa kwenye pikipiki anacheka peke yake.

Swali la mwisho. Kuna uwezekano baada ya hapa akaalikwa kushindana pwani. Nifanye nini na kabureta?

Meru4566

Rudisha jeti za Dar, zile ulizotoa, na klipu ilipokuwa. Usithubutu kushuka pwani na jeti za Mwanza. Hewa ya kule ni nzito, petroli itakuwa kidogo kuliko hewa, injini itachemka na inaweza kutoboa pistoni. Mchanganyiko mzito unapoteza nguvu, mchanganyiko mwepesi unapoteza injini. Ziweke kwenye kijiboksi, uandike juu yake PWANI.

Fundi Hedi

Na valvu zipime tena akishakimbia saa mbili tatu, kwa sababu mpya hukaa kidogo kwenye kiti mwanzoni. Ikitoka 0.13 ikaenda 0.12 na kusimama hapo, lala usingizi. Ikiendelea kushuka kila unapopima, rudi kwenye kile kitambaa cheupe kwanza. Namba ziandike kwenye daftari, kila valvu na yake, na tarehe.

Kokoto_Mza

Daftari limeshafunguliwa, ukurasa wa kwanza una 0.13 tatu na 0.20 mbili. Jumapili jioni nafungua kava, namba nitaziweka hapa.